Kabla ya Kuomba Kabureta Mpya: Somo la Kusafisha kwa Kuloweka



Ofisini kwangu kuna jalada lenye barua za sharika zinazoomba vipuri vya pikipiki. Ukizisoma mfululizo utadhani zimeandikwa na mtu mmoja: pikipiki ya Mwinjilisti imekufa, fundi ameiangalia, amesema ni kabureta, tunaomba kabureta mpya. Mimi mwenyewe kwa miaka kadhaa nilizipeleka barua hizo kwa wahisani kama zilivyo, bila kuuliza swali. Somo la toleo hili limetokana na siku moja tuliyokutana Mponde na kamati ya usharika, mafundi wawili na pikipiki tatu zilizokuwa zimelala bandani, tukaamua kwamba kabla ya kuandika barua nyingine tuzifungue kwanza kabureta zenyewe tuone zina nini.

Tulichokiona ni uchafu. Hazikuwa zimechakaa wala kuvunjika, zilikuwa zimeziba.

Wenyeji wa huku wanajua pikipiki hizo zilivyofika bandani. Kiwanda cha Chai Mponde kilipofungwa mwaka 2013, kikakaa miaka mingi bila kupokea majani, mkulima wa chai alibaki na shamba lisilo na mnunuzi. Sadaka ilipungua. Mitaa iliyokuwa ikichangia petroli ya Mwinjilisti ikashindwa, na pikipiki ikaegeshwa "kwa muda", petroli ikiwa bado ndani. Muda huo ukawa mwaka, kisha miaka. Siku mtu alipojitolea petroli na kutaka kuiwasha, ilikataa. Wakaisukuma mteremko mzima, ikakataa. Tangu hapo Mwinjilisti anatembea kwa miguu, na milima yetu mnaijua. Mzee mmoja wa kanisa alituambia siku ile kwamba mtaani kwao walisubiri hadi jua likaribie kuzama ndipo wakazika, kwa sababu mtumishi alikuwa njiani anapanda. Alisema hivyo bila kulaumu mtu, lakini mimi nilijua ile barua yao ilikuwa imekaa mezani kwangu.

Kabureta inafanya kazi gani, na kwa nini inaziba

Kabureta ni chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla havijaingia kwenye injini. Chini ina kikombe kinachohifadhi petroli kidogo. Ndani ya kikombe kuna boya, ambalo mafundi wengi huliita floti. Petroli ikijaa boya hupanda na kufunga njia ya mafuta, ikipungua hushuka na kuifungua. Kutoka kwenye kikombe petroli hupanda kupitia vijitundu vya shaba viitwavyo jeti. Jeti kubwa hulisha injini ukikimbia au ukipanda mlima. Jeti ndogo hulisha injini ikiwa inanguruma taratibu pale pale, na wakati wa kuwasha. Tundu la jeti ndogo kwenye pikipiki za cc 100 au 125 halifiki hata nusu milimita. Uzi mmoja wa brashi ya nailoni unaweza usipite.

Petroli si kitu kimoja, ni mchanganyiko wa mafuta mepesi na mazito. Pikipiki ikiegeshwa, yale mepesi huruka hewani, na yale yanayobaki huungana na hewa taratibu, yakawa utandu wa rangi ya chai ya rangi, kisha gundi, kisha kitu kigumu kama vanishi ya fanicha. Utandu huo huanza mahali palipo pembamba kuliko pote, yaani kwenye jeti ndogo. Ndiyo maana dalili ya kwanza huwa ni ile ile: pikipiki inawaka ukivuta choki tu, ukiirudisha choki inazima.

Huku kwetu kuna adui wa pili, maji. Ukungu wa Usambara huingia hata ndani ya tangi. Tangi lisilojaa hupumua, usiku baridi hugeuza unyevu kuwa matone, na maji kwa kuwa ni mazito kuliko petroli hushuka hadi chini ya kikombe. Hapo hula alumini, kukabaki unga mweupe, na shaba ya jeti huota ukoko wa kijani. Uchafu huu wa maji si sawa na utandu wa petroli, na dawa zake ni tofauti. Naomba jambo hili likumbukwe, kwa kuwa makosa mengi ya kuloweka huanzia hapa.

Adui wa tatu ni mafuta yaliyochanganywa. Wasomaji wanakumbuka neno "uchakachuaji" lilivyovuma nchini mwaka 2010, na jinsi bajeti ya mwaka 2011 ilivyopandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kupunguza faida ya kuyachanganya na petroli. Mafuta ya taa hayaruki upesi kama petroli, hivyo yakibaki kwenye kikombe huacha mabaki mazito. Petroli ya kwenye chupa kando ya barabara yaweza kuwa nzuri kabisa, lakini hujui chupa ile jana ilibeba nini.

Niongeze jambo moja ambalo si uchafu ila hudhaniwa kuwa uchafu. Mombo iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari, Lushoto mjini ni karibu mita 1,400. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupungua uzito kwa takriban sehemu moja ya kumi. Pikipiki iliyorekebishwa Tanga, ikiletwa huku juu, hupata petroli nyingi kuliko hewa, ikatoa moshi mweusi na kunywa mafuta. Fundi akisafisha kabureta hiyo mara kumi haitabadilika. Hapo kinachotakiwa ni kushusha sindano ya kabureta ngazi moja, au kuweka jeti kubwa yenye namba ndogo kidogo.

Kosa tulilolifanya

Kabla ya siku ile ya Mponde, usharika mmoja wa huku milimani ulikuwa umejaribu kusafisha kabureta wenyewe, tena kwa ushauri wangu. Nilikuwa nimewaandikia kwamba kabureta "ilowekwe kwenye dawa" na sikusema dawa gani. Ni aibu kuliandika, lakini barua yangu ilikuwa na mstari huo mmoja tu.

Usharika huo una kikundi cha akina mama wanaotengeneza sabuni, na kikundi cha sabuni hakikosi kostiki soda. Kijana aliyepewa kazi alisikia kwamba mafundi wa mjini huondolea rangi ya vyuma kwa kostiki. Akaomba kwa Mama mweka hazina wa kikundi, akapewa kwa moyo mweupe kwa sababu ni kazi ya kanisa. Akaimimina kwenye ndoo, akaongeza maji ya moto, akatumbukiza kabureta nzima pamoja na mipira yake. Maji yakaanza kutoa mapovu na mvuke. Kijana akafurahi, akidhani uchafu ndio unaotoka.

Uliokuwa unatoka ni mwili wa kabureta. Kabureta hutengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini na zinki, na kostiki huzila zote mbili. Mapovu yale ni gesi ya haidrojeni, ambayo hushika moto upesi. Alipoitoa ilikuwa nyeusi, kingo zimelika, mahali pa kukaa gasketi hapakuwa tambarare tena. Ilikuwa ya Honda XL 125 ya zamani, zawadi ya wahisani, na kipuri chake halisi leo si rahisi kukipata. Hilo ni la chuma. La mtu ni kwamba maji yale yalimrukia kijana mkononi, na tone moja likafika karibu na jicho. Mama mmoja wa kikundi, ambaye alifundishwa habari za kostiki kwenye semina ya sabuni, alimshika kichwa akamwagia maji safi mfululizo bila kumwachia, kisha wakampeleka hospitali. Jicho lilipona. Mkono una alama.

Nililazimika kwenda kuwaona wazazi wake. Baba yake aliniuliza swali moja: "Mratibu, hiyo dawa uliyosema, wewe mwenyewe ulikuwa unaijua?" Sikuwa na jibu zuri. Somo hili ni sehemu ya jibu langu kwake.

Dawa ipi kwa uchafu upi

Hivyo basi tuanze na zisizofaa. Kostiki soda isiguse kabureta, hata kidogo, hata kwa dakika moja. Asidi ya betri vilevile. Itakula shaba na mwili wa kabureta na kubakiza kutu iliyojificha ndani ya mifereji. Jiki nayo ina klorini inayochimba alumini, na mtu akiichanganya na siki au limau hutoka hewa ya sumu inayoweza kumwangusha chumbani. Kamati iangalie na makopo ya zamani yaliyokuja kwenye masanduku ya vifaa kutoka ng'ambo. Baadhi ya dawa za kulowekea kabureta za miaka ile zilikuwa na kemikali iitwayo dikloromethani. Inasafisha kweli, lakini mvuke wake umeua watu waliokuwa wakifanya kazi katika vyumba vilivyofungwa, na Marekani kwenyewe ilipiga marufuku mwaka 2019 kuwauzia wananchi dawa za kuondolea rangi zenye kemikali hiyo. Mkikuta kopo ambalo maandishi yake hamwezi kuyasoma, msilifungue.

Sasa zinazofaa. Kwa vumbi, grisi na utandu mwepesi, petroli safi na brashi laini vinatosha, na nusu ya kabureta tulizofungua zingeweza kuishia hapo. Kwa utandu mgumu wa rangi ya chai, tumieni thina ya wapaka rangi za magari. Vipande vya chuma pekee vilowekwe kwenye thina kwa saa kadhaa, au usiku mmoja ikiwa utandu ni wa miaka. Chombo kiwe kopo la bati lenye mfuniko unaobana, maana thina huyeyusha plastiki za aina nyingi na ikiachwa wazi inaruka yote kabla haijafanya kazi. Ikibadilika rangi kuwa kahawia, ni dalili nzuri.

Thina haigusi unga mweupe wala ukoko wa kijani. Huu ni uchafu wa maji, nao hutaka asidi nyepesi, ambayo Mungu ametupa mashambani: limau. Tulikamua malimau, tukachuja maji yake vizuri yasibaki na nyuzi, tukayaongeza maji ya moto kiasi sawa, tukaloweka jeti na mwili wa kabureta kwa dakika 10 hadi 15 huku tukitazama. Siki nyeupe ya dukani hufanya kazi hiyo hiyo. Jambo la kuzingatia ni muda. Hata asidi hii nyepesi ikiachwa usiku kucha itaifanya alumini iwe nyeusi na yenye vishimo. Fundi asiondoke kwenda kunywa chai. Ikitoka isuguliwe kwa brashi, itumbukizwe kwenye maji yenye kijiko cha magadi ya kupikia ili kuua asidi iliyobaki, isuuzwe kwa maji safi ya moto na kukaushwa hapo hapo.

Utaratibu ni thina kwanza, limau baadaye. Tulijaribu kinyume kwenye kabureta ya kwanza na limau halikufanya kitu, kwa sababu utandu wa petroli ulikuwa umefunika kutu yote kama mafuta yanavyofunika sufuria.

Siku ya kazi

Kazi ifanyike nje, kwenye kivuli, mbali na jiko, kibatari na mvuta sigara. Mvuke wa thina na petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kama maji na unaweza kufuata moto ulio mbali na pale mlipo. Ndoo ya mchanga iwe karibu. Anayeloweka avae miwani ya kinga na glavu. Glavu nyembamba za mpira za zahanati huvimba na kupasuka zikikutana na petroli, hivyo zitafutwe zile nzito za kazi. Kemikali ikiingia jichoni, maji safi yamiminwe mfululizo kwa dakika 20, ndipo safari ya hospitali ianze.

Kabla ya kufungua chochote, fungeni koki ya mafuta na mwage petroli ya kikombe kwenye kopo. Tandikeni kitambaa cheupe mezani. Skrubu za kabureta ni ndogo na majani ya chini hayarudishi kitu. Mtu mmoja aandike. Kwenye pembeni ya kabureta kuna skrubu ya kurekebisha mchanganyiko. Kabla ya kuitoa, ifungwe taratibu hadi iguse mwisho huku mkihesabu imezunguka mara ngapi, kisha mwandishi aiandike hesabu hiyo. Mara nyingi huwa kati ya mzunguko mmoja na nusu na miwili na nusu. Isikazwe kwa nguvu pale mwisho, ncha yake ni laini na itaharibika. Hesabu hii ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, na baadaye fundi hukaa nusu siku anabahatisha.

Kisha viondolewe vyote visivyo vya chuma: ringi za mpira, gasketi, boya la plastiki, kisindano cha boya chenye ncha ya mpira, na kwa pikipiki zenye kiwambo cha mpira juu ya kabureta, kiwambo hicho kitolewe kwa uangalifu kuliko vyote kwa maana kikichanika kabureta haina kazi. Hivi vifutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni tu. Thina ikigusa mpira, unavimba na haurudi kwenye kipimo chake.

Boya la shaba lina mtihani wake mdogo unaowafurahisha vijana. Litikiswe sikioni. Likisikika lina petroli ndani, limetoboka. Litumbukizwe kwenye maji ya moto na tundu litajionyesha kwa vipovu. Boya la namna hiyo haliwezi kuelea, kwa hiyo kabureta itamwaga mafuta hata ingesafishwa vipi.

Baada ya kuloweka, mifereji yote ipulizwe kwa upepo. Mponde siku ile umeme ulikatika, tukatumia pampu ya baiskeli na ikatosha. Anayepuliza asiweke uso mbele ya tundu la pili. Jeti inyanyuliwe na kuangaliwa kuelekea jua. Mwanga ukionekana duara kamili, imefunguka. Ikiwa bado imeziba, irudishwe kwenye thina. Hapa ndipo fundi asiye na subira huchukua sindano ya kushonea au waya wa chuma akachokonoa. Shaba ni laini. Tundu la milimita 0.35 likipanuliwa hadi 0.40 tu, petroli inayopita huongezeka kwa karibu theluthi moja, na pikipiki hiyo itakunywesheni petroli maisha yake yote. Tumieni uzi mmoja wa brashi ya nailoni, au unyuzi mmoja laini wa waya wa umeme wa shaba.

Lingine ni tangi. Haifai kurudisha kabureta safi chini ya tangi lenye kutu. Tangi litolewe, lisuuzwe, na kichujio kipya kiwekwe kwenye mpira wa mafuta. Tusipofanya hivyo, kazi yote hii itadumu wiki moja.

Maji machafu yanakwenda wapi

Kwenye lile tukio la kostiki, maji ya ndoo yalimwagwa nyuma ya banda, mteremkoni, na chini ya mteremko huo kuna chemchemi. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini sisi watu wa Usambara Magharibi tunakaa juu ya vyanzo vya maji. Mengi ya maji haya hushukia bonde la Mto Pangani, na kabla hayajafika huko yamekwisha kuchotwa na watoto wetu.

Thina na petroli zilizotumika haziharibiki. Zikiachwa kwenye kopo lililofungwa kwa siku mbili tatu, uchafu hutulia chini, na zile za juu hukamuliwa taratibu na kutumika tena kwa kabureta inayofuata. Tope la chini likusanywe kwenye kopo lenye maandishi, liwekwe mbali na watoto hadi litakapopelekwa kwenye gereji ya mjini inayokusanya mafuta machafu. Maji ya limau yaliyokwisha kuuawa kwa magadi yana chembe za shaba, hivyo nayo yasimwagwe karibu na chemchemi wala bustani ya mboga.

Matokeo, na ombi kwa kamati na wahisani

Kati ya pikipiki tatu, mbili ziliwaka. Ya kwanza, Yamaha AG 100, iliwaka kwa mateke manne, na nakiri kwamba niliposikia mlio wake nilipiga kelele zisizolingana na cheo changu. Ya pili ilihitaji gasketi mpya na ringi, ikawaka wiki iliyofuata. Ya tatu haikuwaka. Kabureta yake ilikuwa na ufa kwenye mguu wa kufungia, kazi ya fundi wa zamani aliyekaza nati kupita kiasi, na hapo hakuna dawa ya kuloweka itakayosaidia. Kwa hiyo barua ya kuomba kabureta imeandikwa, moja badala ya tatu, na safari hii ina picha ya ufa wenyewe.

Nawaomba wanakamati kila mnapoandika "kabureta imekufa" mwambatanishe na maneno mawili matatu: imefunguliwa na nani, imekutwa na nini. Kwa wahisani wetu, naomba kitu ambacho si rahisi kukipigia picha ya kukabidhi. Pikipiki mpya ni zawadi kubwa na tunaipokea kwa shukrani, lakini katika bajeti yake kuwe na fungu dogo la kila mwaka la vichujio, gasketi, thina, glavu, miwani na posho ya fundi ya siku moja. Miradi mingi niliyoiratibu haikuwa na fungu hilo, na mimi ndiye niliyeandika bajeti zake.

Pikipiki inayoegeshwa kwa zaidi ya wiki tatu, koki ifungwe na injini iachwe ingurume hadi izime yenyewe kwa kukosa petroli. Kikombe kitakuwa kikavu na hakitakuwa na cha kugeuka utandu. Tangi lijazwe au limwagwe lote. Kazi hii inachukua dakika chache, na kama ingefanyika mwaka 2013 somo hili lisingeandikwa.

Ofisi inapanga siku nyingine kama ile ya Mponde kwa sharika za upande wa Soni na Bumbuli. Usharika utakaotaka kushiriki uandike ukitaja aina ya pikipiki na herufi na namba zilizochongwa ubavuni mwa kabureta yenyewe, maana bila namba hizo hatuwezi kujua gasketi ipi inunuliwe. Fundi aje na bisibisi inayokaa sawasawa kwenye jeti, na kamati ituletee makopo ya bati yenye mifuniko. Kostiki ibaki kwa akina mama wa sabuni. Yule kijana naye atakuwapo, safari hii kama mmoja wa wanaofundisha, na zamu yake ni ya miwani na glavu.